Mwanamke Aliyeomba Kupimwa

Kwa miaka kumi na mmoja sikumpima mtu. Leo nalisema kwa aibu, lakini zamani nilikuwa nalisema kwa sauti, mlango wazi, ili hata wapita njia wasikie. Mafundi wenzangu wa Cibitoke walikuwa wanamzungushia mteja kamba kifuani, kiunoni, makalioni, kisha wanaandika namba. Mimi nilimtazama mwanamke akitoka mlangoni mpaka kwenye kigoda, basi, nimemaliza. Namwambia arudi Ijumaa. Ijumaa anavaa, anageuka mbele ya kioo, nguo imemkaa.

Ilianza kwa bahati tu. Bibi harusi mmoja alikuja mbio, kamba ya kupimia haionekani, nikakata kwa jicho, ikamkaa vizuri. Badala ya kumshukuru Mungu nikajishukuru mwenyewe. Tangu hapo nikawa siambiliki. Nguo yangu haijaribiwi, nilikuwa nasema, anayetaka kujaribu aende kwa jirani.

Jirani ni Mkongomani, mwanamke wa Uvira aliyekimbilia huku na watoto wake, tumetenganishwa na ukuta mmoja. Yeye alipima mara mbili, akaandika kwenye daftari la shule, akamwita mteja kujaribu nguo ikiwa na pini, kisha akapima tena. Mimi nilimtania mbele ya wateja wake. Nilimwuliza lini atafanya mtihani wa mwisho. Alicheka kidogo akaendelea na kazi, nami nikadhani ananiogopa.

Basi siku moja, mafuta yalikuwa hayaonekani mjini na magari yamelala, akaja mwanamke kwa miguu kutoka Mutanga Sud. Alikuwa mjane, mwalimu, mtu wa kanisani, wa umri wangu hivi. Alikuwa amejifunga kitenge mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Alileta kitambaa cha imvutano, vile vitambaa vyetu vyepesi vya sherehe ambavyo mwanamke anajizungushia na kufunga fundo kwenye bega moja. Chini yake unavaa kiblauzi cha kubana kisicho na mikono wala mikanda, na mabega yanabaki wazi. Fundo ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni hicho kiblauzi, kwa sababu kitambaa cha juu kinaonyesha kila kitu.

Binti yake alikuwa anatolewa mahari baada ya wiki tatu. Alinieleza kwamba wakwe ni watu wazito, wa familia inayochunguza, na kwamba siku hiyo lazima ipite salama. Alisema neno hilo, salama, mara mbili. Nililisikia, nikalichukulia kama wasiwasi wa kila mama wa binti.

Kisha akaniomba. "Mama fundi, naomba unipime. Ndani, kama inawezekana."

Kwenye benchi langu walikuwa wameketi wateja watatu. Nikawageukia wao badala yake. Nikasema mgeni huyu hajanijua bado. Tukacheka. Yeye akasogea karibu, akashusha sauti, akasema kuna jambo kuhusu kifua chake anataka nilijue kwanza.

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu kwa sauti ya soko: "Mama, nimevalisha nusu ya mji huu. Hakuna kifua nisichokijua."

 Alilitazama pazia la chumba cha ndani, akanitazama mimi, akawatazama wale wa benchi. Akaweka kitambaa mezani, akauliza nguo itakuwa tayari lini, akaondoka. Mimi nilikuwa nimeshamsoma zamani, kifua cha wastani, kimejaa pande zote mbili, mgongo umeinama kidogo upande wa kulia. Huo mgongo niliuona. Sikujiuliza kwa nini umeinama.

Siku ya mahari nilikwenda Mutanga asubuhi kuwavalisha, kwa kuwa kufunga imvutano ni sehemu ya kazi. Walikuwa wanawake sita: mama, shangazi, na dada za mama. Binti mwenyewe alikuwa chumba kingine na marafiki zake. Mama alikataa kuvaa kiblauzi mbele yetu. Alikwenda nacho msalani, akakaa sana. Alipotoka alikuwa ameshika kifua kwa mkono kama mtu mwenye kiungulia. Nilianza kumzungushia kitambaa, fundo bega la kushoto, kama nilivyowafungia wote. Akanishika mkono. Akaomba fundo nilifunge bega la kulia ili kitambaa kianguke upande huo. Nikamwondoa mkono kwa kumpiga kofi dogo, lile la utani, nikamwambia wote lazima wafanane kwenye picha. Sikuuliza sababu. Mara ya pili hiyo.

Mnajua mahari za kwetu. Wageni wanapangwa upande huu, wenyeji upande ule, wasemaji wawili wanarushiana maneno kama hawajui kilichowaleta, watu wanacheka, pombe ya mtama inazunguka, sisi tusiokunywa tunapewa soda. Mimi nilikaa nyuma karibu na mlango wa jikoni, nikiangalia migongo ya nguo zangu, nimefurahi kwelikweli. Halafu msemaji akawaita akina mama wasimame wakumbatiane, upande wa mume na upande wa mke. Mama akasimama. Shangazi wa bwana harusi akamjia, mwanamke mrefu, mikono wazi. Mama akainua mikono yake.

Alipoinua mikono, kile alichokuwa amejazia upande wa kulia kikashuka. Zilikuwa soksi, nilijua baadaye, soksi mbili za pamba zilizoviringwa. Kiblauzi changu hakikuwa na chochote cha kuzishika, kwa sababu nilikishona kwa kifua ambacho hakikuwepo. Zikateleza mpaka tumboni zikasimama hapo, uvimbe chini ya kitambaa chepesi, na juu yake kiblauzi kikabonyea ndani. Shangazi alikuwa tayari amemkumbatia. Alihisi. Akarudi nyuma hatua moja akamtazama pale.

 Sisi watu wa mji huu tunajua kunyamaza. Msemaji akaendelea, watu wakapiga makofi, mama akaketi amekunja mikono kifuani na hakusimama tena mpaka wageni walipoondoka. Lakini mimi nilimwona binti. Alikuwa ametoka tu kuletwa ukumbini. Alimtazama mama yake, akashuka na macho mpaka tumboni, na uso wake ukabadilika. Hakuwa anajua. Mama alikatwa ziwa Kigali kwa ajili ya saratani miaka miwili kabla, akaaga kwamba anakwenda kumuuguza kaka yake. Dada yake mmoja tu ndiye aliyejua. Alitaka binti aolewe kwanza, ndipo amwambie, kwa sababu nyanya wa mtoto, mama yake yeye, alikufa kwa ugonjwa huohuo, na watu husema unashuka kwa mabinti. Ndiyo ile salama aliyokuwa anaisema.

Wiki mbili baadaye wakwe wakatuma ujumbe kwamba kuna mambo wanayafikiria. Shangazi alikuwa ameuliza huku na huku nyanya alikufa kwa ugonjwa gani. Hawakurudi. Binti akachukua mabegi yake akahamia kwa mama yake mdogo, mtaa wa Gihosha, akasema hawezi kukaa nyumba moja na mtu aliyemdanganya miaka miwili.

Habari hizi zilinifikia pale pale kwenye atelie yangu ya kushona, kwa mdomo wa mteja. Na mimi nilifanyaje? Nilijitetea. Nikasema angeniambia. Nikasema fundi si mganga, hajui kilicho chini ya kitenge cha mtu. Nilisema hivyo siku tatu mfululizo, kwa kila aliyeingia, mpaka jirani yangu Mkongomani akaja kusimama mlangoni. Kwa kawaida alikuwa haingii kwangu, na haki yake.

Akasema taratibu: "Dada, alikuambia. Mi nilikuwa hapa nje, nilisikia. Alikuambia, na we ukacheka."

Kisha akarudi kwake. Nilitaka kumfuata nimjibu, na jibu nilikuwa nalo, mimi sikosi jibu. Lakini nilikaa. Wallahi, nilikaa kwenye kile kigoda cha wateja mpaka adhana ya alasiri, na nikalia mbele ya watu, na sikujali. Nilimvunjia mtu nyumba kwa kutaka kusifiwa na wanawake watatu wa benchi ambao hata majina yao nimeyasahau.

Nilikwenda Mutanga kwa miguu. Njiani niliandaa maneno mengi. Mama akanifungulia mwenyewe, amejifunga kitenge kilekile, akaniletea chai. Nilianza kuomba msamaha, maneno yakapotea, nikasema tu nimekosa.  Alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari.

"Siku ile nilikuwa nimejizoeza njia nzima," akasema. "Kutoka hapa mpaka Cibitoke nasema peke yangu. Baada ya dada yangu, wewe ulikuwa mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia kwa mdomo wangu. Nilifikiri, fundi ataona tu, hatashangaa, ni kazi yake."

Mpaka leo sijasikia neno lililoniuma kupita hilo. Hakulisema kwa hasira. Aliniuliza kama nataka chai zaidi.

Nilimwahidi nitamtengenezea kitu cha kuvaa, kitakachokaa. Nilirudi na ahadi yangu, na kiburi, jamani, hakifi siku moja: nikadhani naweza peke yangu. Nilichonga sponji ya godoro, nikaishonea kitambaa, nikampelekea. Ilikuwa nyepesi mno. Akitembea inapanda, anaishusha, inapanda. Upande wenye ziwa ukawa mzito kuliko mwingine na bega likaendelea kuinama. Alisema ni nzuri, asante. Niliona anasema hivyo kwa huruma.

Ndipo nikaenda kwa jirani. Ni hatua nne kutoka mlango wangu mpaka wake, na nilizipiga wateja wangu wakiangalia. Nilimwambia sijui. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kinywa changu kutoa neno hilo mbele ya fundi mwingine. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, tunawaambia watoto, na mimi nilikuwa nimekaa miaka kumi na mmoja bila kuuliza. Hakunicheka, ingawa angekuwa na haki. Alisogeza kiti chake, akanipa kigoda kifupi, nikakaa chini yake kama mwanafunzi.

Kumbe mama yake mwenyewe, kule Uvira, alikuwa na hali hiyohiyo. Alimshonea. Siri ni uzito, alinieleza. Unachukua ulezi, unauosha, unauanika, unaukaanga kidogo usiote wala kuingia wadudu. Unashona mfuko wa pamba laini wenye umbo la ziwa lililobaki, unaujaza ulezi kijiko kwa kijiko, mwenyewe anashika mfuko mkono mmoja na ziwa lake mkono wa pili mpaka aseme uzito ni sawa. Kisha unashona mfuko mwingine ndani ya kiblauzi, wa kuuingiza, ili usiende popote. Na kabla ya hayo yote unapima. Unapima kovu linapoanzia na linapoishia, unauliza panauma wapi. Alinionyesha kwenye lile daftari lake la shule. Ukurasa wa mama yake ulikuwa bado upo, namba zimeandikwa kwa penseli.

Tulikwenda Mutanga wote wawili. Jirani alifunga mlango wa chumba akasubiri nje, akasema hii yako. Nilimpima yule mama kwa mara ya kwanza.  Kovu lilikuwa limekwenda mpaka kwapani, jekundu, limevuta ngozi. Nilimwuliza panauma wapi. Akanionyesha. Halafu akaanza kuongea, na hakuacha mpaka chai ikapoa.

Nilikwenda mara nyingi baada ya hapo, kurekebisha hiki na kile, mara nyingine bila cha kurekebisha. Alivaa ule mfuko kwenda kanisani, bega limenyooka. Alipoulizwa na wagonjwa wenzake aliokutana nao hospitali, akawaleta. Wa kwanza alikuwa muuza samaki, wa pili mama mkwe wa mtu mkubwa ambaye alikuja amejifunika mpaka macho. Jumatano alasiri mimi na jirani tukawa tunafunga milango yetu ya mbele na kuwapokea chumba cha ndani. Yeye anashona, mimi napima, na nanyamaza, na wao wanasema. Wengi wanasema mambo ambayo waume zao hawayajui. Nilijifunza kwamba mwanamke akiwa amezungushiwa kamba ile, amesimama, hatazamwi usoni, ndipo anapopata nafasi ya kusema. Miaka kumi na mmoja niliwanyima wateja wangu nafasi hiyo, na nikajisifu kwa hilo.

Binti hakurudi Mutanga. Mama alimpigia simu, hakupokea. Alimtumia mama mmoja wa kanisani, akarudi na jibu kwamba bado. Kila nilipoingia nilikuwa naangalia viatu mlangoni, kama vipo vya msichana. Havikuwepo. Na mimi ndiye niliyeviondoa. Niliwahi kumwambia mama kwamba nitakwenda Gihosha mwenyewe nimpigie binti magoti. Akakataa. Akasema mtoto ana haki ya kukasirika, aachwe amalize.

Lakini ugonjwa haukusubiri. Mvua za Machi zilipoanza alikuwa anashika mgongo akiinuka, na madaktari wakasema umeingia kwenye mifupa. Alikwenda haraka. Binti aliitwa hospitali siku ya mwisho, akakuta mama anapumua tu, hajui aliyemshika mkono. Alizikwa Jumamosi. Sisi tulisimama nyuma na wale wanawake wa Jumatano, kumi na mbili hivi, kila mmoja amejifunga vizuri. Binti alipita mbele yangu bila kunitazama, na nilimwona ana haki.

Ilipita miezi minne. Siku moja mchana, si Jumatano, alisimama mlangoni kwangu. Alikuwa amekonda. Niliwaomba wateja watoke, wakatoka. Nilivuta pazia la ndani, nikampa kiti, na nikaanza kwa kumwambia kosa langu lote, mlango ule, benchi lile, maneno niliyomjibu mama yake, kofi la mkono na fundo. Sikupunguza. Nilitegemea atanitukana na nilikuwa tayari.

Hakunitukana. Alisema ameambiwa na wanawake kwamba mama yake alikuwa anaongea sana na mimi. Alikuwa na swali moja tu, na alilisema akitazama sakafu.

"Miaka miwili ile alikuwa amebadilika. Nikirudi nyumbani hanikumbatii tena. Ananipa bega moja, haraka, anakimbilia jikoni. Mi nilifikiri ni kwa sababu ya yule kijana aliyetaka kunioa, hakumpenda. Nikaacha kumkaribia. Hata siku ya mahari sikuingia kumsalimu kabla wageni hawajafika. Alikuwa amenichoka?"

Nilijua jibu. Mama aliniambia siku ile ya kwanza ya kupimwa, mikono yake imeinuliwa, anatazama ukuta. Nilimwambia binti kama nilivyoambiwa. Kwamba mama yake aliogopa akimkumbatia vizuri mtoto atahisi upande mmoja hauna kitu. Kwamba kila jioni akisikia lango linafunguliwa alikuwa anakimbilia kushika sufuria, ndoo, chochote, ili mikono iwe na kazi. Kwamba alikuwa anahesabu siku mpaka harusi ipite, na kitu cha kwanza alichotaka kufanya baada ya hapo hakikuwa kusema. Alitaka kumshika mwanawe kwa mikono yote miwili, kifua kwa kifua, ili ajue mwenyewe bila kuambiwa.

"Alikuambia hivyo lini?" akauliza.

Nikamwambia mwezi gani. Akahesabu. Wakati huo alikuwa Gihosha, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, na simu kutoka kwa mama yake ilikuwa inaita mkononi mwake kila Jumapili baada ya misa. Alikuwa anaiangalia mpaka inanyamaza.